Shule ikifungwa ghafla kwa ugonjwa: namna ya kuwafikia wazazi wote, hata wenye vitochi

Jumanne ya 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alitangaza shule zote zifungwe kwa siku 30, kuanzia chekechea hadi kidato cha sita. Siku 30 zikazaa nyingine. Darasa langu lilirudi Juni 29.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali, mwenye dhamana ya la tano hadi la saba. Watoto waliondoka na mabegi yao, na jioni ile nikafungua daftari la mahudhurio ili nianze kuwapigia wazazi. Namba ya kwanza: haipatikani. Ya pili: haipatikani. Ya tatu akapokea fundi baiskeli wa Ifakara, hana mtoto shuleni kwetu wala hajawahi kufika mkoa wetu. Vocha iliisha kabla sijamaliza ukurasa mmoja.

Baadaye nilielewa. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari mwaka ule, na wazazi wengi walikuwa wamenunua laini nyingine. Sisi tulibaki na namba walizoandika mtoto alipoanza la kwanza.

Ninachoandika hapa ndicho nilichojifunza kuanzia jioni ile. Kutuma tangazo ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe ni kujua nani limemfikia na nani halijamfikia.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya janga

Usingoje ugonjwa. Kila mwanzo wa muhula, siku ya kikao cha wazazi, mwalimu wa darasa akae mlangoni na daftari la kaunta. Kila mtoto apewe mstari wenye haya: namba ya mlezi, mwenye namba ni nani kwa mtoto (mama, babu, kaka), simu ni kitochi au janja, namba ya pili ya mtu asiyeishi nyumba ile, na nani pale nyumbani anasoma vizuri. Hilo la mwisho uliza kwa adabu. Usimuulize mzazi "unajua kusoma?" mbele ya wenzake. Muulize, "Barua ya shule ikifika, nani huwa anaisoma?" Atakujibu bila kuona haya.

Halafu, mzazi akiwa bado amesimama hapo, ipigie ile namba. Ikiita mfukoni mwake, weka alama ya vema. Isipoita, mmegundua wote wawili.

Hatua ya 2: Tangazo liwe fupi, na lirudi

Ujumbe mfupi wa kawaida ndio mfalme, kwa sababu unaingia kwenye kitochi na hauhitaji bando. Mmoja una nafasi ya herufi 160, nafasi za katikati zikihesabiwa. Ukitia kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, nafasi inashuka hadi 70 na unalipia jumbe mbili au tatu. Hata kile kialama cha "ng'ombe" kikiwa kile kilichopinda cha kompyuta, matokeo ni hayo hayo. Mimi niliwahi kutuma salamu zenye mikono ya dua kwa darasa zima, salio likayeyuka, nikabaki namlaumu mtu wa mtandao.

Tangazo letu la kwanza lilianza hivi: "Uongozi wa shule unapenda kuchukua nafasi hii kuwataarifu wazazi na walezi wote kuwa..." Zaidi ya nusu ya ujumbe wa kwanza ikaishia hapo, kabla ya kusema lolote. La baadaye lilikuwa hivi:

*SHULE: Darasa la 6. Karatasi za Hesabu ziko dukani kwa Mangi Jumatatu asubuhi saa 2 hadi 6. Mtu mmoja aje na barakoa. Ukiupata bip namba hii.*

Hiyo bip ndiyo moyo wa somo hili. Mzazi hatumii hata senti, mwalimu anaona namba, anaweka vema kwenye mstari wa mtoto. Ikifika jioni, walio wazi daftarini ndio wa kupigiwa. Bila bip ungekuwa unapigia darasa zima, au, kama tunavyofanya wengi, hupigii yeyote.

Hatua ya 3: Kundi la WhatsApp lenye mlango

Lianzishe, ila lifunge, viongozi tu ndio waandike. Nasema hivi baada ya kuona kundi la darasa la saba likijaa ndani ya siku mbili maelekezo ya kujifukiza nyungu, picha za maiti za nchi ambazo hakuna aliyezijua, na tangazo la uongo kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu. Kuna mzazi alifua sare na kumpandisha mtoto bodaboda mpaka getini.

Ujumbe mmoja kwa siku, saa ile ile. Sauti ya mwalimu ya dakika moja ni bora kuliko picha ya barua yenye mhuri, maana mtoto mwenyewe anaisikiliza na wengine wanairudia mara tatu kwa sababu wamemkumbuka mwalimu. Lolote la lazima litumwe pia kwa ujumbe wa kawaida. Bando likiisha, kundi nalo limekufa kwa mzazi huyo.

Hatua ya 4: Wasio na simu

Mwenyekiti wa kitongoji, ubao wa ofisi ya kijiji, duka. Nyumba za ibada hazikufungwa wakati ule, kwa hiyo tangazo la baada ya swala ya Ijumaa na la Jumapili lilitubeba sana. Duka lilishinda vyote. Mangi aliweka karatasi zetu juu ya gunia la sukari, zimefungwa kwa mpira kila darasa, na peni imening'inizwa kwa uzi. Mtoto akinunua chumvi, anachukua karatasi na kutia sahihi.

Hatua ya 5: Ijumaa, hata kama hakuna jipya

Tuma. "Hakuna tarehe ya kufungua iliyotangazwa. Tutaandika tena Ijumaa ijayo." Shule ikinyamaza, uvumi unapata kazi ya kufanya. Tarehe za kufungua na habari za wagonjwa zinatangazwa na serikali, si na mwalimu mkuu. Kazi yako ni kupitisha kilichotangazwa.

Hatua ya 6: Mstari uliobaki wazi

Mtoto ambaye wiki tatu mfululizo hana bip wala sahihi dukani, aendewe. Mwalimu mmoja na mjumbe mmoja, kwa miguu, wasimame nje. Tulimpata binti wa darasa la sita akiosha vyombo kwa mama ntilie wa stendi, mikono imechakaa kwa sabuni. Mama yake alikuwa amekwenda shamba la mbali kuvuna, na simu alikuwa nayo yeye. Hakuna ubaya mwingine uliokuwa umempata. Ungekuwepo, au ungekuwepo hata wasiwasi, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure, na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya anapaswa kujua siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WASOMAJI

Mwalimu, Bukoba Vijijini: Shikamoo mwalimu. Marburg ilipotufikia 2023, wazazi walinipigia usiku kucha: ni mtoto wa nani yuko karantini? Nikisema naumiza familia, nikinyamaza wanasema nawaficha.

*Marahaba. Usimtaje, hata kama kijiji kizima kinamjua. Habari ya afya ya mtu inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini usiishie kwenye "siruhusiwi kusema". Mwambie mzazi kinachomhusu: dalili za kuangalia, asimguse mgonjwa, apige 199, ni bure. Ukimpa la kufanya, jina halimsumbui tena.*

Mlezi, Dodoma: Vocha analipa nani?

*Mwezi wa kwanza tulichanga walimu, na sioni fahari kusema hivyo. Baadaye kamati ya shule ilikaa, ikaandika muhtasari, ikatenga kiasi. Pelekeni hesabu ya kweli: jumbe mbili kwa wiki mara idadi ya wazazi. Mkishaondoa vikatuni na "uongozi unapenda kuchukua nafasi hii", mtashangaa ilivyo ndogo.*

Mwalimu, Temeke: Kaka, darasa langu lina watoto 112. Hizo bip nizihesabu saa ngapi?

*Usihesabu peke yako. Gawa kwa mitaa, mzazi mmoja abebe kaya kumi, zimbip yeye, saa moja jioni akuletee majina ya walio wazi tu. Chagua wanaosifika kwa kutunza siri. Huyo anakabidhiwa namba za watu, si za kutumia kwenye vikoba vyake.*

Mzazi, Ohio, Marekani: Habari ndugu mwalimu. Sisi tumetoka Kongo kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Shule ya mwanangu wa miaka 12 ilikuwa inatuma barua kwa Kiingereza, naye ndiye alinisomea. Nilikuja kujua baadaye kwamba masomo ya kompyuta alikuwa haingii, na barua zilisema hivyo.

*Pole mama, au baba. Barua ilimfikia mtoto, wewe haikukufikia. Huko shule za umma zinawajibika kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani haulipii wewe. Waandikie sentensi moja: "Naomba mkalimani wa Kiswahili, mtoto wangu asitumike kutafsiri." Na waambie ni Kiswahili cha Kongo, msije mkaletewa maneno ya Dar mkabaki mnatazamana.*

Mwalimu, Kilosa: Samahani, yule binti wa stendi alirudi?

*Alirudi Julai, kachelewa wiki mbili. Mstari wake sasa una namba tatu: ya mama, ya shangazi, na ya yule mama ntilie, ambaye huwa anabip wa kwanza.*