Kidhibiti cha pampu: andika tangi kabla ya saketi

Wanaokuja kwangu Mamboleo, hapa Kisumu, kujifunza Verilog, lugha ya kuelezea saketi za dijitali, huanza na saketi moja: kidhibiti cha pampu ya tangi la juu. Kihisi cha chini kikikauka, pampu iwake. Cha juu kikilowa, izime. Maji yakiwa katikati, pampu ibaki ilivyokuwa.

Usianze na saketi. Anza na tangi lenyewe, ndani ya testibenchi, yaani programu ya kuijaribu saketi: namba moja ya kiwango cha maji, iongezeke kwa 3 kila pigo la saa pampu ikiwaka, ipungue kwa 1 watu wakichota. Vihisi visome namba hiyo, na kiwango kikizidi ujazo, `$fatal` isimamishe kila kitu. Wengi huruka hatua hii wakailisha saketi sifuri na moja za kubuni. Hapo pampu haibadilishi maji, kwa hiyo hujajaribu kitu cha maana.

Kisha andika modeli ya jibu sahihi, kutokana na maelezo ya kazi. Ukiweza, mpe mwenzako aiandike. Ukiwa umeyaelewa vibaya maelezo, utakosea pande zote mbili na jaribio litapita.

Kwenye kulinganisha jibu la saketi na la modeli ndiko kuna mtego. Rejista, yaani kumbukumbu ndogo ya saketi, isiyo na thamani ya mwanzo, kiigaji cha Icarus Verilog huipa x, yaani haijulikani. Ukiandika `if (pampu != sahihi)`, jibu la ulinganisho nalo huwa x, na `if` huhesabu x kuwa si kweli. Kosa linapita kimya. Andika `!==`. Nalirudia hili kila darasa, maana saketi iliyosahauliwa riseti (ishara ya kuirudisha mwanzo) hupenya hapo, halafu stima ikipotea na kurudi, hakuna ajuaye pampu itaamka vipi. Verilator, kiigaji kingine, ina kasi zaidi, lakini kwa kawaida hufanya kazi na 0 na 1 tu, kwa hiyo x hiyo hutaiona.

Saketi ikisoma pigo linapopanda, badilisha maingizo linaposhuka.

Sasa itese. Piga riseti tangi likiwa nusu. Lowesha kihisi cha juu huku cha chini kikiwa kikavu: hiyo ni hitilafu ya waya au kihisi, na mimi nataka pampu izime. Uchotaji uwe wa kubahatisha, ila chapisha mbegu ya bahati, yaani namba inayoanzisha bahati hiyo, ili kosa lirudiwe. Kisha endesha:

`iverilog -g2012 -o jaribio kidhibiti.v jaribio.sv`
`vvp jaribio`

GTKWave, programu ya kuonyesha mawimbi ya ishara, ifungue ulinganisho ukishagoma, uangalie mapigo machache kabla ya kosa. Jaribio lililolifichua lisifutwe. Liendeshwe kila unapogusa saketi.