Una kisukari na unakunywa pombe? Chunga usiku
Wengi huogopa pombe itapandisha sukari. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, cha kuogopa zaidi ni kushuka. Ini ndilo linaloachia sukari kwenye damu usipokula. Pombe ikiingia, ini hushughulika nayo kwanza na kupunguza kutengeneza sukari mpya. Hali hiyo yaweza kuendelea hadi saa 24, ndiyo maana wengi huzidiwa usingizini au asubuhi.

Usinywe tumbo likiwa tupu. Kula mlo wenye wanga kabla au wakati unakunywa, na usiongeze insulini kufidia pombe yenyewe. Kiasi kisizidi kinywaji 1 kwa siku kwa mwanamke, 2 kwa mwanaume: kinywaji kimoja ni bia ya kawaida mililita 350, divai 150, au pombe kali 45. Pombe kali ipime. Ya kumimina kwa macho huzidi karibu kila mara. Ukichanganya, tumia maji au soda isiyo na sukari.

Pima sukari kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 5.6 mmol/L (100 mg/dL), kula kitu chenye wanga kwanza, kisha pima tena uamkapo.

Tafadhali mwambie unayekaa naye: dalili za sukari kushuka, kama jasho, kutetemeka na kuongea kwa kukokota maneno, hufanana na ulevi. Asikuache "ulale pombe ikutoke". Akupime, akupe kitu cha sukari kama unaweza kumeza. Ukizimia, asikutie chochote mdomoni, aite msaada wa dharura.

Mwenye ugonjwa wa ini au mjamzito asinywe kabisa.