Kuweka haidroksidi ya kalsiamu ndani ya mfereji wa mzizi: vipimo, mpangilio na makosa

Dawa inayoachwa ndani ya mfereji wa mzizi wa jino kati ya ziara moja na nyingine haisafishi mfereji. Kazi ya kusafisha ni ya faili, vyuma vyembamba vya kukwangulia, na maji ya kuoshea. Dawa hupambana na bakteria wachache waliobaki, huzuia wengine wasizaliane, na huziba nafasi ambayo majimaji yangeijaza. Anayeitumia kufidia usafishaji alioufanya nusu atakuta mgonjwa anarudi na uvimbe uleule.

Kwa mfereji ambao kiini, yaani nyama laini ya ndani ya jino, kimekufa, dawa inayotumika zaidi ni haidroksidi ya kalsiamu, iliyoingizwa katika tiba ya meno na B. W. Hermann mwaka 1920. pH yake ni takriban 12.5, na ioni zake za haidroksili huharibu utando, protini na DNA ya bakteria. Ioni hizo zinafanya kazi pale zinapogusa, wala dawa hii haitoi mvuke wa kufika mbali. Ukiweka tone dogo kwenye mdomo wa mfereji ukaamini litashuka lenyewe, hujaweka dawa. Lazima dawa ijaze mfereji mzima na kugusa kuta zake.

Si kila jino linahitaji hatua hii. Kiini kikiwa bado hai, mfereji ukakauka vizuri na muda ukatosha, unaweza kuujaza siku hiyohiyo. Dawa ina nafasi yake pale penye kivuli cha ugonjwa kwenye ncha ya mzizi, pale usaha au majimaji yasipokauka, katika jino linalorudiwa matibabu, katika mzizi ambao ncha yake bado haijafunga, au pale muda ulipokwisha kazi ikiwa haijakamilika.

Maandalizi ya mfereji

Rabadamu, karatasi ya mpira inayotenga jino na mate, ibaki mahali pake tangu mwanzo hadi kiziba cha muda kiwekwe. Mate yakiingia dakika moja kabla ya kufunga, umeurudishia mfereji bakteria uliotumia saa nzima kuwatoa.

Mfereji uwe umeshapanuliwa hadi urefu wa kazi (kutoka juu ya jino hadi karibu na ncha ya mzizi) uliopimwa kwa kipimo cha umeme na kuthibitishwa kwa eksirei. Kupanua kuna sababu mbili hapa: kupunguza bakteria, na kutengeneza njia ya dawa kupita. Katika mfereji mwembamba unaopokea faili namba 15 pekee, dawa hukwama nusu ya njia. Ncha ikifika namba 25 au zaidi, kazi inakuwa nyepesi.

Osha kwa hipokloriti ya sodiamu, kisha tumia EDTA, kimiminika kinachoyeyusha madini, ya asilimia 17 kwa takriban dakika moja ili kuondoa tabaka la vumbi la dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino) linalofunika vijitundu vya ukutani. Tabaka hilo likibaki, ioni hupenya kwa shida. Malizia kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, halafu kausha kwa vijiti vya karatasi vilivyopimwa urefu. Vijiti viendelee kuingia mpaka kimoja kitoke kikiwa kikavu. Kikitoka na damu kwenye ncha tu, huenda umepita mwisho wa mzizi, kwa hiyo pima tena urefu kabla ya kusogea mbele.

Kuchanganya

Dawa iliyokwisha tayarishwa ndani ya sindano huokoa muda. Ukitumia unga, changanya na maji yaliyotakaswa au maji ya chumvi juu ya kioo safi, ukiongeza unga kidogo kidogo hadi upate uji mzito unaong'ang'ania spatula bila kudondoka. Ukiwa mwepesi hautajaa vizuri, na ukiwa mkavu utavunjika vipande na kuacha mapengo. Wengine hutumia propileni glikoli badala ya maji, kwa kuwa huufanya uji uteleze vizuri na ioni zitoke polepole.

Kopo la unga lifungwe mara tu baada ya kuchota. Haidroksidi ya kalsiamu hushika kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka kabonati ya kalsiamu, unga mweupe uleule usio na nguvu ya kuua bakteria. Kwa macho huwezi kuutofautisha na dawa nzima.

Kuingiza

Kwa mfereji uliopanuliwa vizuri, springi ya lentulo, waya mwembamba uliosokotwa unaozungushwa na mashine kusukuma dawa chini, inafanya kazi nzuri kuliko faili ya mkono. Chagua yenye unene mdogo kuliko mfereji, iingize ikiwa kavu na hendipisi (mashine ya mkononi inayoizungusha) imezimwa, uhakikishe inapita bila kubana. Weka alama ya mpira milimita 2 hadi 3 pungufu ya urefu wa kazi. Ipake dawa, iingize hadi kwenye alama, irudishe juu kidogo, ndipo uiwashe kwa mwendo wa polepole, mizunguko 500 hadi 1,000 kwa dakika, ikizunguka kufuata mwelekeo wa saa. Itoe taratibu ikiwa bado inazunguka. Ukiizima ikiwa ndani, inatoka na dawa uliyoiweka. Ikizunguka kinyume, dawa hurudi juu na springi inaweza kunasa. Springi hukatika mara nyingi kwa sababu iliwashwa ikiwa imebana kwenye kona, na kipande kilichobaki ni tabu kukitoa. Rudia mara mbili au tatu, mpaka dawa ionekane kwenye mdomo wa mfereji.

Ukitumia sindano yenye ncha nyembamba, hatari ni nyingine. Ncha isibane ukutani hata kidogo. Ikibana, dawa haina pa kurudi, na shinikizo lote huisukuma nje ya ncha ya mzizi. Kiasi kidogo kikivuka, kwa kawaida mwili hukifyonza baada ya maumivu ya siku chache. Karibu na mfereji wa neva ya taya la chini mambo hubadilika: alkali hiyo kali inaweza kujeruhi neva na kuacha ganzi ya mdomo, na ikiingia mshipa wa damu inaweza kuua tishu. Kwa hiyo katika magego na magego madogo ya chini weka alama milimita 3 pungufu, bonyeza kwa nguvu ya kidole kimoja, na uirudishe ncha nyuma huku unabonyeza. Mgonjwa asiye na ganzi ya sindano akilalamika ghafla kwa maumivu makali, acha papo hapo.

Dawa ikishafika kwenye mdomo wa mfereji, ishindilie kidogo kwa pamba kavu ili maji yafyonzwe na unga ujipange, halafu ongeza kidogo.

Piga eksirei. Dawa isiyotiwa kitu cha kuonekana, kama salfati ya bariamu, ina kivuli kinachokaribiana na cha dentini. Mfereji uliojaa vizuri basi huonekana kama umepotea kwenye picha, nao ni mfereji uliofanyiwa kazi nzuri. Mstari mweusi ukiendelea kuonekana, kuna pengo. Yenye bariamu huonyesha mfereji mweupe na ni rahisi kusoma, ila masalia yake hudumu kwenye picha hata baada ya kuoshwa.

Kufunga

Futa dawa yote kwenye chumba cha kiini na kwenye kuta, maana ikibaki pale kiziba hakishiki. Weka pamba ndogo kavu au utepe safi wa tefloni, usiwe mnene. Tefloni ni bora zaidi, kwa sababu uzi mmoja wa pamba ukinaswa kwenye ukingo wa kiziba huwa njia ya mate. Kiziba cha muda kiwe na unene usiopungua milimita 3.5 hadi 4. Makosa mengi hutokea hapa: pamba hujazwa mpaka juu, kiziba kinabaki milimita 1, na ndani ya siku chache dawa imeoshwa. Kama ukuta mmoja wa jino haupo, au mgonjwa atakaa zaidi ya wiki 2, tumia sementi ya glasi aionoma badala ya kiziba laini. Angalia jinsi meno yanavyokutana, na umwambie mgonjwa asitafunie upande huo kwa saa chache.

Muda na kuitoa

Iache angalau siku 7. Ioni hufika tabaka la ndani mapema, lakini kwenye dentini ya nje hufikia kiwango cha juu baada ya wiki 2 hadi 3, kwa kuwa dentini yenyewe hupunguza ukali wa alkali. Usiisahau kwa miezi: ikikaa muda mrefu huudhoofisha mzizi na kuufanya uvunjike kirahisi, hasa mzizi mwembamba wa mtoto.

Kuitoa kunahitaji subira. Rudi na faili ya mwisho uliyotumia, osha kwa hipokloriti, tia EDTA, chochea kwa ncha ya ultrasonia, kisha osha tena. Masalia hujificha kwenye theluthi ya chini, na hapo huzuia sementi ya kujazia isishike. Sementi ya yujenoli ikigusana nayo huganda upesi na kuwa na chembechembe.

Bakteria Enterococcus faecalis na fangasi aina ya Candida huvumilia alkali hii. Ukiwahisi, katika jino lililojazwa zamani likashindwa, jeli ya klorheksidini ya asilimia 2 ni chaguo. Osha hipokloriti yote kwa maji kwanza, kwani vikikutana hutoa mashapo ya kahawia yanayotia doa jino. Pasti ya antibiotiki tatu yenye minosaiklini nayo hutia doa, hivyo isitumike meno ya mbele. Formokresoli ina formaldehidi, na haifai tena mfereji wa mtu mzima.

Mfereji ukiendelea kutoa maji baada ya kuwekwa dawa mara mbili, usiweke mara ya tatu kabla hujatafuta mfereji uliosahauliwa, kama ule wa pili kwenye mzizi wa mbele wa gego la juu, au ufa, au tundu la ukutani.