Umeanza kupunguza uzito? Usikate tamaa mizani ikigoma
Wiki ya kwanza unaweza kushuka hata kilo 2 ukafurahi kweli, ila jua nyingi ni maji tu, ndo maana wiki ya 2 au ya 3 mizani inagoma na wengi wanaachia hapo hapo, tafadhali usiache. Nusu kilo mpaka kilo 1 kwa wiki ni kasi nzuri sana. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ukishatoka chooni kabla hujala, maana ukila chumvi nyingi jana leo uzito unapanda na wala sio mafuta. Pima na kiuno kwa futi ya fundi nguo, kinaweza kupungua huku mizani imeganda. Ukikosa mazoezi siku moja endelea tu kesho, usijiadhibu kwa kushinda njaa.