Somo: Kuanzisha desturi ya Krismasi na watoto bila kugusa ada ya Januari

Wazazi wenzangu, poleni na joto. Wiki hii wawili wameniuliza jambo lile lile, waanzishe vipi desturi ya Krismasi na watoto bila kugusa ada ya shule ya Januari, nikaona niliandike mara moja.

Mwaka wetu wa kwanza Dar tulinunua Kariakoo mti wa plastiki, taa za rangi na zawadi za kufungia karatasi. Mwaka wa pili taa zilikataa kuwaka, na mfukoni hamkuwa na kitu. Nikajua watoto watalilia mti. Hawakuutaja kabisa. Mkubwa aliniuliza, "Mama, tutakesha tena na vitumbua?" Kumbe mwaka uliotangulia nilichelewa kutoka kazini nikakaanga usiku, nao wakagoma kulala. Mimi nilikuwa nimechoka na hasira juu. Wao waliona ndiyo sikukuu yenyewe. Tangu hapo nina kipimo kimoja: jambo nisiloliweza mwaka wa ukata, silianzishi.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja, mawili yakizidi sana. Ukiorodhesha kumi, ikifika tarehe 20 utayafanya yote peke yako huku watoto wakitazama katuni.

Hatua ya 2: Anza kwenye Majilio, kipindi cha kuisubiri Krismasi. Huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Panga mishumaa minne, kila Jumapili jioni washeni mmoja zaidi. Mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto waliomsumbua kila siku kwa swali la Krismasi lini, akawapangia mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni wahesabu wenyewe. Sisi tunatumia sinia lenye mchanga. Mchanga unazuia moto, na kwa joto letu mshumaa usioshikiliwa vizuri unapinda kama ndizi. Pembeni watoto wanaweka maua mekundu ya mti wa mkrismasi waliyookota chini. Mti ule unachanua wenyewe Desemba na haudai umeme. Waokote na maganda yake marefu makavu pia: ukiyatikisa, mbegu zinalia kama kayamba, na nyimbo zimeshapata ala.

Hatua ya 3: Usiku wa vitumbua. Loweka nusu kilo ya mchele tarehe 23 kabla ya kulala. Tarehe 24 jioni saga na tui zito, sukari, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Funika saa moja hivi, rojo liumuke. Wa miaka minne mpe iliki: anapasua ganda kwa kucha, anatoa zile mbegu nyeusi zinazonata vidoleni, nusu zinaingia kwenye kinu, nusu sakafuni. Mwache. Wa miaka minane anakoroga rojo na kuhesabu. Kikaango na mafuta ya moto ni vya mtu mzima, hilo halina mjadala. Kitumbua cha kwanza hunata kila mwaka, nacho kwetu ni cha baba, kwa sheria iliyotungwa na watoto wenyewe. Vikipoa kidogo, mmoja anasoma habari ya kuzaliwa Yesu kutoka Luka sura ya 2, wengine wanatafuna.

Hatua ya 4: Sahani ya jirani. Mchana wa Krismasi watoto ndio wanaopeleka pilau kwa majirani, siyo dada wa kazi. Wajifunze kubisha hodi, kusalimia na kungoja. Kama majirani ni Waislamu, kuku achinjwe na Mwislamu, kama wengi tunavyofanya, wale bila wasiwasi. Sahani itarudi Idd ikiwa na kitu, na watoto huikumbuka kuliko wewe.

Hatua ya 5: Kaunta buku moja. Kila mwaka kila mtoto anachora kiganja chake na kusema sentensi moja, unaiandika alivyosema. Dakika kumi, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, sisi kila Desemba tunapanda Moshi kwa wakwe. Huko shughuli ni za wakubwa, mbuzi anachinjwa, watoto wanazurura tu. Nifanyeje?

Jibu: Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, chenyewe ni desturi, usilete nyingine ya kushindana nayo. Mpe kila mtoto kazi moja pale: mmoja amuulize bibi habari za utoto wake na kurekodi kwenye simu, mwingine aonyeshwe na babu mipaka ya shamba. Na tiketi kateni Novemba.

Swali: Mume wangu ni Mwislamu. Anaruhusu, ila sitaki aonekane mgeni nyumbani kwake.

Jibu: Anzia hatua ya 4, muiamue pamoja. Na siku ya Idd wewe uwe jikoni kwa moyo ule ule. Kusoma Luka mkae wewe na anayetaka. Usimvizie.

Swali: Watoto wamesikia shuleni habari za Baba Krismasi, wanadai zawadi kubwa. Niwaambie hayupo?

Jibu: Mimi niliwaambia habari za Nikolasi, askofu wa Mira, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anayekumbukwa Desemba 6 kwa ukarimu wake. Wakauliza kama alikuwa na simu. Zawadi kwetu ni moja kwa kila mtoto, mara nyingi nguo ya sikukuu ambayo ningeinunua tu.

Swali: Mimi muuguzi, tarehe 25 nina zamu kutwa nzima.

Jibu: Pole na kazi, mama. Vitumbua vibaki tarehe 24 usiku, ubebe vingine uende navyo wodini. Pilau ihamie tarehe 26, nayo ni sikukuu ya taifa. Waambie watoto wiki moja kabla, si asubuhi ile ukiwa umeshavaa sare.

Swali: Vitumbua vyangu vinakuwa vigumu kama jiwe. Desturi itaanzaje hapo?

Jibu: Hamira yako imekufa, shoga. Ijaribu kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari; dakika kumi zikipita bila povu, tupa. Mchele nao ulale usiku kucha, saa mbili hazitoshi. Na moto uwe mdogo, la sivyo nje vinaungua ndani vingali rojo.