Somo: Bomba la hewa linavyotega nzi wa chooni

Wakuu, nzi wakizidi jikoni watu hukimbilia dawa ya kupuliza. Inaua wanaoruka tu, mabuu ya shimoni yanaendelea kunenepa. Kwenye joto yai huwa nzi kamili ndani ya siku 10 hivi, na jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo. Akitua kwenye wali hautafuni, huutapikia kwanza ulainike. Hapo anaacha vijidudu vya kuhara damu au kipindupindu alivyotoka navyo chooni.

Dawa yake ni choo cha VIP, yaani choo cha shimo kilichoboreshwa kwa bomba la hewa, kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Hata choo cha shimo ulichonacho unaweza kukiboresha.

1. Toboa sakafu, simika bomba la inchi 6 liingie shimoni. Juu lipite paa kwa nusu mita, mbali na matawi ya miti. Upepo ukipita juu yake hufyonza hewa ya shimoni pamoja na harufu.

2. Funga wavu kwenye mdomo wa bomba. Wengi wanaharibia hapa: wananunua wavu wa waya wa bei poa, gesi ya shimoni inaula kwa kutu, kazi yote bure. Tafuta wa chuma kisichoshika kutu.

3. Weka giza ndani ya choo. Acha uwazi mdogo wa kuingiza hewa juu ya mlango, basi. Nzi akitoka shimoni hufuata mwanga; mwanga akiuona bombani tu, atapanda, atakwama kwenye wavu na kufia humo.

MASWALI

– Mkuu, tundu nalifunika?
Choo hiki hapana. Hewa iingie tunduni ndipo bomba livute. Kifuniko ni cha choo kisicho na bomba.

– Bomba ni ghali huku kwetu.
Jenga dohani ya matofali, upana wa ndani sentimita 23 kila upande.

– Choo tunacho, mbona watoto bado wana nzi machoni?
Hao ni wengine, dada. Huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi, shimoni ni nadra. Ndio wanaosambaza trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha watu sehemu kame kama Kongwa, Dodoma. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, hata cha anayenyonya, na aoshwe uso kila siku.

– Na mavi ya ng'ombe?
Hutaga humo pia, ila cha binadamu wanakipenda zaidi. Anza na hicho.