Kabla ya Taya Kukatwa, Meno Yapangwe

Mgonjwa wa ameloblastoma, uvimbe unaoota ndani ya mfupa wa taya, akiambiwa kipande cha taya la chini kitakatwa, huuliza habari za uvimbe tu. Meno huyaacha ya baadaye. Hapo ndipo mambo huharibika. Mfupa wa kuziba pengo ukipandikizwa upande kidogo, kuusogeza tena ni kazi, na meno yatakayokaa juu yake hayatakutana na ya juu. Kwa hivyo daktari atakayetengeneza meno na aketi na mpasuaji kabla tarehe haijapangwa.

Jibu la biopsi, yaani kipimo cha kipande cha uvimbe, ndilo linaloamua ukatwe kiasi gani. Ameloblastoma ya kawaida hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima, la sivyo hurudi. Upigwe picha ya CT, eksirei ya kompyuta, ya vipande vya milimita 1 au chini, na meno yote yachukuliwe chapa ya plasta. Chapa hiyo usiidharau: meno yakishatolewa, hakuna pengine pa kuonea yalivyokuwa yakikutana.

Pengo likiwa chini ya sentimita 6 hivi, mfupa wa nyonga mara nyingi hutosha. Likizidi, huhamishwa fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, pamoja na mishipa yake ya damu. Mishipa ya mguu ipimwe kwanza, na kama mguu uliwahi kuvunjika, sema. Plati ya titani pekee haitoshi. Ikitafuniwa miaka bila mfupa huweza kuvunjika au kutoboa ngozi.

Sigara ziachwe angalau wiki 4 kabla, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo, na pandikizi likikosa damu hufa. Muguka na miraa pia: hupandisha presha na kusumbua dawa za usingizi. Daktari aambiwe ukweli, hata kama mzee wako yuko chumbani. Sukari ishuke, meno mabovu yang'olewe.

Nyumbani weka blenda na sindano ya kulishia ya mililita 50. Supu ya samaki ichujwe mara mbili, mwiba usipite.

Uliza hatua ipi itafanyika Mombasa na ipi Nairobi, na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, italipia nini; implanti, skrubu za kubebea meno ya bandia, uziulize kivyake. Kwa kawaida huwekwa miezi 6 hivi baada ya mfupa kushika, kisha husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kubebeshwa meno. Mdomo wa chini huenda ukabaki na ganzi, neva ikikatwa. Picha za ukaguzi ziendelee miaka 10 au zaidi.